Mama Alisema Hajambo

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za mama na zangu. Sisi hapa hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe uliye mbali. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa na hataki kuhama, kila nikimsogelea ananitolea meno kama mwenye nyumba. Mama anauliza kama bado unaongea sana kazini. Nimemwambia Kasuku wake akishakuwa afisa hanyamazi, analipwa ili aongee. Alicheka kwa upande ule mmoja wa uso unaocheka.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mama anasikia kila neno. Kati ya kitanda chake na cherehani yangu kuna pazia tu, unalijua.

Tangu kiharusi kimpige, mkono na mguu wa kulia havijarudi. Namgeuza, namwosha, namlisha, namgeuza tena. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu cherehani imelala. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao, hadi yule bibi harusi ambaye gauni lake nilikuwa nimeshalikata, akabeba vipande kwenye mfuko bila kuniaga. Na mgongo wangu sasa ukiinama unakataa kuinuka.

Kwa hiyo nimeomba ile posho ya matunzo. Ikitoka nitamweka mtu wa kunisaidia asubuhi, nami nishone mchana, tuishi. Nimepeleka fomu kwenye tawi la hapa, wakaniambia faili limepelekwa ofisi kuu kwa uamuzi. Nikauliza ofisi kuu ipi. Wakanitajia ghorofa unayofanyia kazi wewe. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Sasa mdogo wangu, sikuombi uibe. Mama anastahili, hata kipofu akiingia hapa ataona anastahili. Pita tu pale lilipo ulitoe chini uliweke juu. Basi.

Mama anakupenda, hata siku ambazo ulimi haumtii.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua yako. Mimi sijambo, kazi inaendelea, afya haina shida. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini, kidogo lakini kina dirisha. Nimefurahi kusikia mama anacheka.

Kuhusu lile ulilolileta. Siku niliyopokea barua yako nilikwenda kwa bosi kabla sijavua koti, nikaandikisha kwamba kuna ombi la mama yangu mzazi katika ofisi yetu. Ndivyo tunavyotakiwa kufanya. Kwa lugha ya ofisini unaitwa mgongano wa maslahi. Jioni ile ile faili liliondolewa kwenye ghorofa yetu likapelekwa ofisi ya mkoa mwingine, ambako hakuna anayenijua. Huko lazima lianze foleni upya. Najua litachelewa, na nisingependa uchukulie kwamba nimefurahi.

Kanuni hairuhusu nilifungue, niliulizie, wala nimshauri ndugu yangu namna ya kuliendesha. Usidhani ni maneno ya kwenye karatasi tu. Jirani yangu wa meza alisahihisha anwani ya mjomba wake, namba ya nyumba tu, ilikuwa imeandikwa vibaya. Leo yuko nyumbani, na mjomba naye alisimamishiwa malipo hadi wachunguze. Sitaki hilo limpate mama.

Kwa hiyo naomba usiniandikie chochote kuhusu ombi. Niandikie habari zako, za mama, hata za paka.

Wako,
Mdogo wako


6 Machi

Mheshimiwa Afisa,

Hatujambo. Umesema nikuandikie habari za paka. Wako wanne, watatu weusi na mmoja wa madoa, yule wa madoa hafungui jicho la kushoto. Habari za paka zimeisha.

Nilikuomba usogeze faili, ukalisogeza kweli. Umelisogeza hadi mkoa mwingine. Ningejua ungekimbilia kwa bosi na koti mwilini ningekuandikia kwamba mama ni mzima na mimi nashona usiku na mchana. Mama aliniuliza kwa nini faili limehamishwa. Ningemjibu nini? Kwamba mwanawe amekwenda kumkana kwa maandishi? Nilimwambia ofisi yenu inapakwa rangi.

Hujamkana, najua, usianze kunifundisha kanuni. Lakini huku mtu akinuna anaonekana amenuna, hatuna maneno ya ofisini ya kuuzungukia mnuno.

Nina swali moja tu, halafu nakaa kimya. Wametuma ujumbe kwamba mkaguzi atakuja kumwona mama mwishoni mwa mwezi. Anakuja kuangalia nini? Tumwambie nini? Wewe unakaa dirishani mchana kutwa unawaeleza watu usiowajua, wengine hawajui hata kukushukuru. Nieleze na mimi, kama mtu usiyenijua.

Dada yako, nadhani


15 Machi

Dada,

Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo.

Siwezi kujibu swali lako. Nimekueleza sababu na naomba usinirudishe tena kwenye jambo hilo, maana kila ukiuliza unaniweka mahali pabaya.

Mpokeeni mgeni vizuri. Msalimie sana mama.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hatujambo.

Wamekataa.

Nitakusimulia, na kama kusoma nako ni kosa, ficha barua chini ya godoro umsomee bosi wako kesho. Mkaguzi alikuja, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba mkubwa, mpole, siwezi kumsema vibaya. Mama alipoambiwa mtu wa serikali anakuja alinisumbua tangu alfajiri. Akataka gauni la kwendea harusini. Akataka nywele zisukwe. Nikafua mashuka, nikafungua madirisha harufu itoke, nikapiga deki hadi chini ya kitanda. Akakataa katakata kukutwa amelala. Tukamkalisha kwenye kiti mimi na jirani, na kwa kuwa upande ule haujishiki, nikamfunga kiunoni na kipande cha kitambaa kwenye egemeo la kiti, juu nikamtupia shali ili fundo lisionekane. Alipendeza, nikikuambia ukweli. Nilijisikia fahari.

Mkaguzi akaingia. "Hujambo, mama?" Sijambo. Habari za afya? Nzuri. Chakula unakula? Nakula vizuri. Usingizi je? Mtamu. Kuna kitu chochote kinakusumbua? Mama akasema hakuna, na mwanangu yupo, sipungukiwi kitu. Halafu akamuuliza mgeni habari za kwake, za watoto wake, za safari, na akanikaripia kwa nini chai haijafika. Mkaguzi aliandika, akashukuru, akasifu nyumba ilivyo safi, akaondoka.

Hakuwa amefika hata kwenye kona, fundo likalegea. Mama akateleza hadi sakafuni na jirani alikuwa ameshaondoka. Mgongo wangu ukakataa. Nikakaa sakafuni naye, yeye na gauni lake la harusi, tukasubiri mtu apite njiani tumwite. Aliniuliza, "Mgeni ameondoka ameridhika?" Nikamwambia ameridhika.

Barua imesema mwombaji yuko katika hali nzuri, hana malalamiko, na anatunzwa vya kutosha.

Uliandika tumpokee mgeni vizuri. Tulimpokea vizuri.

Usihangaike kujibu. Nimeshajua la kufanya.

Dada yako


3 Mei

Dada,

Salamu. Sijambo. Hapana, sina haja ya kuandika hivyo, maana unajua ulichonifanya.

Ulikwenda tawi la huko siku ya Jumatatu, watu wamejaa. Nimesoma taarifa yao, kwa hiyo usinipige chenga. Ulipita foleni nzima, ukapiga dirisha kwa kiganja, ukasema, "Mnajua mdogo wangu ni nani huko ofisi kuu? Akipiga simu moja mtalala na njaa wote." Ukanitaja na cheo changu. Mimi, ambaye sikugusa hata jalada la faili lile, nimeitwa mbele ya watu watatu kueleza ni simu gani nilikuahidi kupiga. Nimeandika maelezo mara mbili. Nimeondolewa dirishani, nimewekwa stoo ya mafaili ya zamani hadi wamalize kuchunguza. Wenzangu wakiniona kwenye ngazi wanaangalia simu zao. Nimefanya kazi kwa kunawa mikono kila siku, halafu dada yangu mwenyewe ananipaka matope mbele ya umati.

Ungeniua kwa utaratibu ningekuelewa zaidi.

Na hilo la mkaguzi. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara damu inanichemka upya. Shali! Mashuka yamefuliwa! Umemfunga mama kwenye kiti ukaficha fundo! Kila mzee anayekaa mbele yangu, kabla sijaandika neno, namwambia: hapa usinijibu nzuri. Nikikuuliza habari ya mguu, usinisalimie, niambie habari ya mguu. Nawaambia mpaka koo linakauka, kwa sababu wote ni wale wale, wanakuja wakiburuta miguu na ukiwauliza hali wanasema ni njema, wanashukuru, halafu tunawakatalia na wanakwenda kulia nje. Mkaguzi anaandika anachosikia. Afanye nini? Amwambie mama yako anadanganya?

Na mama, mama naye! Kumuuliza mgeni habari za watoto wake wakati amefungwa kama mzigo!

Usiniandikie mpaka nipoe. Sijui nitapoa lini.

Mdogo wako


20 Mei

Wewe,

Sikuulizi hali.

Kwa hiyo ulijua.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na nikaimaliza nikiwa nimekaa. Ulijua kinachotumaliza ni neno dogo vile. Unamwambia kila mzee anayeburuta mguu. Mlevi akija unamwambia. Mwizi akija na mama yake unamwambia. Mama aliyekuzaa alikuwa amebakiza wiki mbili kabla ya mkaguzi, mimi nimekuuliza kwa maandishi, na ukaniambia nimpokee mgeni vizuri.

Utasema kanuni. Ngoja nikuambie kuhusu kanuni. Wiki iliyopita nilirudi kwenye lile tawi kupeleka rufaa, na safari hii nilipanga foleni kama watu, mdomo nimeufunga. Wakati nasubiri nikaangalia ukutani. Kuna tangazo, kubwa, lina picha ya mtu na fimbo. Limeandikwa hivi: Mweleze mkaguzi hali yako halisi. Usiseme uko vizuri kama huko vizuri. Liko ukutani! Kila mtu analisoma, hata watoto waliokuja na mama zao walikuwa wanalisoma kwa sauti. Mimi siku ile ya kwanza nilipita mbio nikawahi dirishani, sikuliona, na siku ya pili nilikuwa nimefura sikuona hata mlango. Lakini wewe una tangazo hilo hilo nyuma ya kichwa chako kila siku. Kuniambia kilichoandikwa ukutani ni siri ya serikali?

Kuhusu kupiga kelele dirishani. Nilikosea, nilikutaja na sikupaswa kukutaja, na kama umepata matatizo kwa ajili yangu hilo linaniuma. Lakini usiniambie nimekupaka matope. Mimi nakogesha mtu mzima kila asubuhi, nayajua matope.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilimeza tangu Februari. Tangu faili lifunguliwe hujakanyaga hapa. Ulikuwa na likizo ya Machi, hukuja. Sikukuu mbili zimepita, hukuja. Simu ukipiga unasema na mama kwa haraka kama vile kuna mtu anakusikiliza, unamuuliza hujambo, anakujibu sijambo, unasema haya mama, unakata. Kanuni yako imekukataza kugusa faili la mama. Haijakukataza kumgusa mama.

Au imekukataza? Nionyeshe mstari.

Rufaa wameipokea. Atakuja mkaguzi mwingine, na wakikataa safari hii hakuna mahali pengine pa kwenda, wamesema hivyo. Sikuombi ushauri. Nimeshasoma ukutani.

Mimi


25 Juni

Mdogo wangu,

Hujajibu. Najua barua ilifika, maana bili ya maji niliyokutumia baada yake umeilipa. Kwa hiyo unasoma, ila hunyanyui kalamu. Basi soma.

Mkaguzi wa pili alikuja wiki mbili zilizopita. Mwanamume, mnene, anahema, kalamu imefungwa kwa uzi shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita vyenyewe vilikuwa na mama. Nilimwambia tangu siku tatu kabla, mama, safari hii hakuna gauni, hakuna kiti, utakutwa kitandani, na akikuuliza sema ukweli. Akaniuliza, "Mgeni akiniuliza habari, nimwambie nanuka?" Nikasema ndiyo, mwambie. Akageuza uso ukutani. Akasema hajalelewa kumlilia mtu asiyemjua ndani ya nyumba yake. Tukagombana, mdogo wangu. Nilimpandishia mama sauti. Nilimwambia heshima yake inatuua njaa. Hakusema nami hadi siku ya pili.

Mkaguzi akaingia, mama amelala, shuka ni la jana. "Hujambo, mama?"

"Sijambo."

Habari za kuamka? Nzuri. Niliuma midomo. Habari za afya? Namshukuru Mungu. Mwanamume akaandika. Nikaona tunakwisha vile vile, neno kwa neno, na nilikuwa nimeahidi tawini kwamba sitamsemea, maana nilipopeleka rufaa walisema mwombaji ajieleze mwenyewe. Akamuuliza una watoto wangapi. Mama akasema wawili. Mmoja ni huyu. Na wa pili yuko wapi?

Mama akamwangalia. Unajua anavyoangalia sasa, jicho moja linakaza na lingine linafuata baadaye. Akasema polepole, ulimi ukimkwama, nami naandika kama alivyosema: "Yuko kwenu. Ni wa kwenu huyo. Mmemwambia asiniulize ninaumwa nini."

Kumbe yale ya ofisi kupakwa rangi hakuyaamini. Mwanamume akaanza kueleza kanuni, mgongano wa maslahi, nini na nini. Mama akamwachia mpaka akamaliza, unajua adabu yake. Halafu akasema, "Basi niulize wewe, kwa niaba yake. Lakini uulize kama mtoto anavyomuuliza mama yake. Hizo za mlangoni nimeshakujibu."

Yule mtu aliiachia kalamu ining'inie. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa chake. Akasema, "Mama, unaumwa wapi?"

Akamwambia. Akamwambia yote, na ilichukua muda mrefu kwa sababu ya ulimi. Kidonda cha mgongoni, nilikijua. Bega, nilijua. Kwamba anaogopa ninapomwinua kwa sababu anahisi mgongo wangu ukitetemeka, na anaomba Mungu tusianguke wote. Hilo sikulijua. Halafu akasema hanywi maji mchana. Kiu inamkaba lakini hanywi, ili asihitaji kugeuzwa na kubadilishwa, ili mimi nipate kushona hata nguo moja. Tangu mwezi wa kwanza. Mimi nilidhani hana kiu. Nilikuwa nampelekea kikombe, anagusa midomo, anasema asante mwanangu, imetosha, nami narudisha kikombe jikoni. Nalala naye chumba kimoja na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa namuuliza umeamkaje, anasema vizuri.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo. Hasira nilizokuwa nazo kwako zote, sikuona pa kuziweka.

Jibu limekuja juzi. Wamekubali. Kuna mama mmoja, mjane wa nyumba ya tatu, ataanza kunisaidia tarehe mosi. Nimeshatia mafuta cherehani.

Kwa hiyo faili limefungwa. Limegongwa muhuri, limewekwa huko linakowekwa. Kuanzia leo mimi na mama si kesi ya mtu, na huna kisingizio tena. Ukikaa kimya sasa, hicho ni kimya chako mwenyewe, usimsingizie bosi.

Wale paka wameshakua. Yule wa madoa amefungua jicho.

Dada yako


6 Julai

Dada,

Sianzi na salamu, utaona kwa nini.

Barua zako zote nilizipata. Ile ya Mei niliitupa kwenye droo nikaifunga kwa nguvu mpaka mpini ukang'oka. Kesho yake niliamka na hasira ile ile, nikachukua kitabu cha kanuni, nikaenda nacho kwa bosi. Nia yangu ilikuwa nipate mstari wa kukunyamazisha. Ulitaka nikuonyeshe mstari, basi ningekunakilia na kuupigia muhuri.

Nilimuuliza kama afisa anaruhusiwa kumwambia mama yake maneno yaliyo kwenye tangazo la ukutani. Akasema la ukutani ni la kila mtu. Nikamuuliza kama afisa ambaye mama yake ana ombi anaruhusiwa kwenda kumtembelea. Alivua miwani. Aliniangalia kama vile nimeomba ruhusa ya kupumua. Akaniuliza, "Nani alikukataza kwenda kumwona mama yako?"

Nilipekua kile kitabu mbele yake, Dada, karatasi kwa karatasi, yeye ananitazama. Nilikuwa na hakika mstari uko. Ninazijua kanuni hizi kwa moyo, wenzangu huja kuniuliza mimi. Hakuna mstari. Nilirudi stoo nikakaa juu ya boksi.

Nilitaka kukuandikia siku ile na nikashindwa, maana ningeandika nini? Kwamba sikuja kwa sababu naogopa? Nilimwona siku ile ya hospitali, mdomo umekwenda upande, haniiti jina, na tangu hapo nikifunga macho namwona hivyo. Ulipoleta habari za faili nikapata kanuni, na kanuni ilinifaa. Hiyo ndiyo aibu yangu, na usinifariji.

Bado nina hasira na wewe. Sitajifanya zimekwisha. Walimaliza uchunguzi wakaona sina kosa, wamenirudisha dirishani, lakini wapo wanaonong'ona nikipita na wataendelea kunong'ona. Tutagombana nikifika, jiandae. Nataka tugombane tukiwa jikoni, si kwa stempu.

Nimeomba likizo, nimepewa mwezi mzima. Nafika Jumamosi na basi la mchana. Sihitaji kupokewa vizuri. Usifue mashuka, usipige deki, usimvalishe mama chochote. Nifundishe kumgeuza. Nifundishe kushika bega lile lisiume. Yule mjane aendelee na asubuhi zake kama mlivyopanga, mimi nitashika usiku na wewe ulale.

Nikibisha hodi nitauliza habari za hapo, kwa mazoea tu, mdomo umezoea. Usinijibu nzuri.

Na mwambie mama anywe maji.

Kasuku